Maji ya bomba yamefika Kagongwa, majitaka yaende wapi?

Kagongwa ni mji wa mpunga. Anayepita barabara ya Isaka kwenda Kahama huutambua kwa mashine za kukoboa zinazonguruma, kwa vilima vya pumba nyuma ya mashine hizo, na kwa malori yanayosubiri kupakia mchele. Kwenye karatasi ni kata ya Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga. Ukishuka garini unakuta mji: gesti, mama lishe, maduka ya mabati na saruji, na nyumba za kupanga zenye vyumba sita hadi vinane ndani ya kiwanja kimoja, choo kimoja nyuma.

Januari 2021 mji huu ulipata kitu ambacho akina mama wake walikisubiri kwa miaka mingi. Hayati Rais John Magufuli alizindua mradi wa maji wa Isaka na Kagongwa, unaochota kwenye bomba kuu la Ziwa Victoria. Maji hayo husafiri safari ndefu. Yanavutwa ziwani kule Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kuelekea Shinyanga na Kahama, kazi inayofanyika tangu mwaka 2009. Kwa familia iliyozoea kuamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya ndoo kisimani, koki ya uani si jambo dogo. Mtoto wa kike anawahi shule. Mgongo wa mama unapumzika.

Lakini maji hayo yakishatumika hayapotei. Hapo ndipo hesabu nyingine inapoanza, na miji midogo mingi ya Tanzania bado haijaifanya.

Chukua kiwanja kimoja chenye wapangaji 15, wakubwa kwa watoto. Enzi za ndoo, maji yakinunuliwa au yakibebwa kichwani, mtu mmoja anaweza kumaliza siku kwa lita 20. Jumla ni lita 300, na nyingine zinatumika mara mbili: maji ya kufulia yanaoshea sakafu, ya kuoshea mchele wanapewa kuku. Weka koki uani, kisha bafu, kisha choo cha kumwaga maji, na mtu huyohuyo anafika lita 60 bila kujiona mfujaji. Kiwanja sasa kinatumia lita 900 kwa siku. Wahandisi wa maji hukadiria kwamba kati ya kila lita 100 zinazoingia nyumbani, kama 80 hutoka tena zikiwa majitaka. Hizo ni lita 720 kila siku.

Shimo la choo lenye upana wa mita moja na kina cha mita tatu linabeba lita 2,300 hivi. Kama ardhi haifyonzi na majitaka yote yameelekezwa humo, siku ya nne asubuhi halina nafasi.

Na ardhi ya huku mara nyingi haifyonzi. Wakulima wa Usukuma wana majina ya udongo wao tangu zamani, na wanajua kipi kinafaa wapi. Luseni ni ule wa kichanga wa kwenye miinuko, maji yanazama upesi. Ibambasi ni mgumu, maji yanagoma kupita. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika hadi gari linanasa. Mpunga unapenda mahali maji yanapotuama. Kwa hiyo sifa ileile iliyoipa Kagongwa utajiri wa mchele ndiyo inayolishinda shimo la choo: maji yakiingia yanakaa.

Matokeo yake kila mpangaji wa mji mdogo anayajua. Maji ya kuoga yanachimbiwa mfereji kupitia chini ya ukuta hadi barabarani. Shimo likijaa, mwenye nyumba anasubiri mvua. Usiku wa mvua kubwa mtu anatoboa upande wa shimo na kuliacha litapike pamoja na mafuriko. Hilo ndilo linaloitwa kutapisha choo, na asubuhi yake mtaa mzima unajua kilichotokea ila hakuna aliyekifanya.

Wanaolipa kwanza ni watoto. Mfereji wa mtaani ni uwanja wao wa michezo, na mtoto wa miaka miwili hana habari kwamba mkono uliochezea tope ndio utakaoshika andazi. Kuhara, homa ya matumbo, amiba na minyoo hupita njia hiyo hiyo. Mayai ya minyoo ya mviringo yanaweza kukaa udongoni miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, yakisubiri. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hapati faida kamili ya chakula anachopewa, na mama anaweza kubadilisha uji kila wiki bila kuona kilo zikiongezeka.

Kisha kuna kipindupindu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya nchi. Mwanzoni mwa 2024, katika mvua kubwa, ugonjwa huo uliripotiwa tena kwenye mikoa ya Kanda ya Ziwa na majirani zake, Shinyanga ikiwamo. Bomba la maji safi linasaidia sana kuuzuia. Hata hivyo bomba likipasuka kwenye mfereji uliojaa majitaka, na presha ikashuka saa ambazo maji hayatoki, uchafu unaweza kuvutwa ndani ya bomba hilohilo.

Haya hayakuanza Tanzania. London ya karne ya 19 ilipata maji ya bomba na vyoo vya kuvuta maji kabla ya kuwa na mfumo wa kuyapeleka mbali. Makaro ya majumbani yalifurika, majitaka yakaelekezwa mto Thames, na mto huo huo watu waliunywa. Kipindupindu kiliwarudia mara kadhaa. Kiangazi cha 1858 harufu ya mto ilikuwa kali kiasi cha kuwashinda wabunge waliokuwa wakikutana kando yake, na hapo ndipo fedha za mabomba makubwa zilipopatikana. Wabunge walijengewa mfumo kwa sababu pua zao wenyewe ziliumia. Watoto waliokufa miaka ya nyuma yake hawakuwa wametosha.

Kasi ya mji wa Kahama haimpi mtu muda wa kusubiri namna hiyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 242,208 katika halmashauri ya mji. Ile ya 2022 ikakuta 453,654 katika manispaa. Dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi ilivuta watu, biashara ikawabakiza, na mgodi wa Buzwagi uliposimamisha uzalishaji mwaka 2021 mji haukurudi nyuma. Kagongwa ipo ndani ya wimbi hilo. Msimu wa mavuno ya mpunga watu wanaongezeka zaidi: wapakiaji, madalali, madereva na matingo wanaolala siku mbili tatu wakisubiri mzigo. Hawa hawahesabiwi kwenye kaya yoyote, lakini choo wanakitumia.

Karo, gari na bwawa

Watu wakisikia neno majitaka hufikiria mabomba makubwa chini ya barabara kama ya katikati ya Dar es Salaam au Mwanza. Kwa mji wa ukubwa wa Kagongwa hiyo si hatua ya kwanza, na pengine isiwe ya pili. Mabomba hayo yanahitaji maji mengi ya kusukuma uchafu, mteremko, mitaro mirefu, na wateja wa kutosha wa kulipia huduma. Nyumba zikiwa zimetawanyika, gharama kwa kila kaya inakuwa kubwa mno.

Kinachofaa ni mnyororo wa vitu vitatu: karo zuri nyumbani, gari la kunyonya linaloweza kulifikia, na mahali halali pa kumwaga tope kinyesi ambapo litatibiwa. Pete moja ikikosekana mnyororo wote hauna kazi. Mji unaweza kuwa na magari matano ya majitaka, lakini kama mabwawa yako mbali, dereva atadai mafuta ya kwenda na kurudi, bei itapanda, na mwenye nyumba atarudi kusubiri mvua. Au dereva mwenyewe atatafuta korongo gizani.

Mabwawa yenyewe si teknolojia ya kutisha. Yanachimbwa kwa mfuatano na kutandikwa ili yasivuje. La kwanza huwa na kina kirefu, mita mbili hadi tano, na humo tope linazama huku vijidudu visivyohitaji hewa vikilivunjavunja. Maji yanahamia bwawa la pili, la kina cha mita moja hadi mbili, ambako mwani wa kijani huzalisha oksijeni kwa msaada wa jua. Ya mwisho ni mafupi zaidi, na kazi yake ni kuyaacha maji yakae juani siku za kutosha vimelea vife. Hakuna umeme, hakuna dawa ya kuagiza nje. Kinachotakiwa ni jua, ambalo Shinyanga haijawahi kulikosa, na ardhi.

Ardhi ndiyo kiini cha jambo lote. Leo bado kuna mashamba pembezoni mwa mji ambayo halmashauri ingeweza kuyatwaa kwa fidia inayobebeka, upande wa chini ambako majitaka yatafika bila pampu, mbali na nyumba na visima. Baada ya miaka kumi mashamba hayo yatakuwa viwanja vyenye misingi, fidia itakuwa mara kadhaa, na kila jirani atapinga mabwawa kwa sababu ya harufu, kwa haki kabisa. Hata kama fedha za kuchimba hazipo mwaka huu, kuchora eneo hilo kwenye ramani ya mipango miji na kuweka mawe ya mpaka kunawezekana. Bomba la maji linaweza kupitishwa mji ukiwa umeshajaa. Mabwawa yakikosa nafasi yamekosa.

Mifano ipo karibu. Awamu ya pili ya mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, iligusa Geita, Sengerema na Nansio kwa upande wa Tanzania. Mradi mwingine, uliopata fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, uliingiza Magu, Misungwi na Lamadi sambamba na Mwanza, Bukoba na Musoma. Lamadi ni mji wa barabarani wa biashara kama Kagongwa. Funzo lake ni kwamba maji na usafi wa mazingira viliandikwa kwenye mkataba mmoja. Kisheria hata mamlaka zetu zinaitwa za majisafi na usafi wa mazingira. Ila kwenye uzinduzi wa miradi mara nyingi utaona koki ikifunguliwa, na nusu ya pili ya jina ikisubiri bajeti ijayo.

Mwanza inafundisha jingine. Kwenye vilima vya mawe vya Igogo na Mabatini, ambako gari la kunyonya halipandi na shimo halichimbiki, mamlaka ya maji ililaza mabomba membamba yanayopita uani, nyumba hadi nyumba, na chemba ndogo ndogo, mpaka yanapokutana na bomba kubwa bondeni. Wahandisi huuita mfumo rahisi wa majitaka. Kagongwa haina milima, lakini katikati ya mji, pale gesti, soko na nyumba za kupanga zilipobanana, mfumo wa namna hiyo unaweza kuwa na maana siku za mbele, ilimradi kuwe na bwawa la kuupokea.

Na tope likishatibiwa lina kazi. Moshi, kule Mabogini, wakulima wa mpunga wamekuwa wakitumia maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, jambo ambalo watafiti wamelifuatilia kwa makini kwa sababu maji yasiyotibiwa vya kutosha huhamishia minyoo shambani. Nakuru, Kenya, kampuni ya maji ya mji ilianzisha kampuni tanzu iitwayo Nawasscoal, inayokausha na kuchoma tope kinyesi, kulichanganya na vumbi la mbao na kutengeneza makaa ya kupikia. Kagongwa haina viwanda vya mbao. Ina pumba za mpunga, milima mizima, ambazo nyingi huishia kuchomwa na kumwaga moshi juu ya nyumba za watu. Atakayefanya jaribio la kuchanganya viwili hivyo atakuwa na mali ghafi mlangoni.

Shule nazo

Mzazi anayetaka kupima hali ya majitaka mtaani kwake aanzie shule ya msingi. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 1,000 na wavulana 900, na baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016 shule za namna hiyo si ajabu, inatakiwa kuwa na matundu 50 na 36. Ni shule chache za miji inayokua zinazofika hapo. Zinazofika hukutana na swali lilelile: yakijaa? Mara nyingi jibu ni kuchimba mengine pembeni, kisha mengine tena, hadi uwanja wa mpira unamezwa na mashimo yaliyofukiwa. Choo cha shule kilichojengwa bila mlango wa kunyonyea na bila njia ya gari ni choo cha miaka michache tu. Kamati ya shule inapopitisha ramani ya vyoo vipya, hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kuuliza rangi ya mabati. Msichana aliyevunja ungo ambaye anakuta choo kimefungwa kwa sababu kimejaa hukaa nyumbani siku hizo, na mwisho wa muhula matokeo yanaonyesha.

Nyumbani, mambo machache yako ndani ya uwezo wa familia hata kabla manispaa haijachimba chochote. La kwanza linawahusu hasa wenye watoto wachanga: pampasi. Kwenye shimo la choo pampasi haiozi, inavimba. Pamoja na taulo za kike, chupa za plastiki na vitambaa, ndizo zinazoziba mpira wa gari la kunyonya hadi mhudumu analazimika kuzivua kwa ndoano, kazi ya saa moja ikawa ya nusu siku na bei ikapanda. Ndoo yenye mfuniko kando ya choo inatatua hilo. Kinyesi cha mtoto, ambacho wengi bado hukiona hakina madhara, kiingie chooni kama cha mtu mzima, kwa sababu vimelea humo ni vilevile.

Anayejenga karo la kuvuta maji alijenge la vyumba viwili, cha kwanza kikubwa karibu mara mbili ya cha pili, sakafu na kuta zikipigwa plasta ili lisivuje. Tope linabaki chumba cha kwanza, maji yaliyotulia yanavuka kwenda cha pili, kisha kwenye shimo la kufyonza. Fundi anayechimba shimo moja refu lisilo na sakafu na kuliita karo anauza shimo la choo kwa bei ya karo. Shimo la kufyonza liwe angalau mita 30 kutoka kisima, la jirani pia, na chini yake kubaki kama mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini masika. Kwenye mbuga shimo la kufyonza linaweza lisifanye kazi kabisa. Hapo ni afadhali karo kubwa lililozibwa, linalonyonywa mara kwa mara, na maji ya kuoga yapelekwe kwenye migomba au bustani ya maua.

Kisha usalama, ambao haupewi uzito wake. Ndani ya shimo na karo kuna hewa ya sumu inayomwangusha mtu mzima kwa pumzi chache. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Hakuna mtu wa kushuka shimoni na tochi kuangalia limejaa kiasi gani. Fimbo ndefu inatosha. Mifuniko iwe ya zege, mizito, isiyoweza kuinuliwa na mtoto, na iliyopasuka ibadilishwe wiki hiyohiyo.

Nyumba za kupanga zina ugomvi wao: nani analipia gari? Mwenye nyumba anasema wapangaji ndio wanaojaza, wapangaji wanasema kodi inatosha, na wakati wanabishana choo kinafurika. Waliolimaliza hili hukusanya kiasi kidogo kila mwezi kutoka kila chumba, kama wanavyochangia umeme, fedha ikakaa kwa mtu mmoja anayeaminika. Kwa karo la kawaida tope huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka miwili hadi mitano, mapema zaidi wapangaji wakiwa wengi. Limefikia wakati tope likijaza theluthi moja ya kina cha chumba cha kwanza. Tarehe ya mara ya mwisho iandikwe kwa rangi nyuma ya mlango wa choo, kwa sababu wapangaji huhama na kumbukumbu huhama nao.

Na anayeanza msingi mwaka huu aache upana wa mita tatu kutoka barabarani hadi lilipo karo, asijenge duka wala fremu hapo. Mpira wa gari la kunyonya una urefu wake.